Mtihani wa Kiingereza na Vijana Wetu wa Mantapala

Hotuba ya mwalimu wa masomo ya watu wazima, iliyosomwa mbele ya wakaaji na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Kamati imeona vema kuichapa nzima.



Kamati iliniomba niseme juu ya elimu. Nilijibu kwamba juu ya elimu kila mwaka mtu husimama mahali hapa, akasema elimu ni ufunguo wa maisha, tukapiga makofi, kisha tukaenda kula. Nikaomba nipewe ruhusa ya kusema juu ya kitu kimoja tu kidogo kilicho ndani ya elimu, nacho ni ule mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vya ng'ambo huwadai watu ambao Kiingereza si lugha ya mama yao. Wanakubali kwamba umesoma, wanakubali kwamba una akili, lakini wanasema: tuonyeshe karatasi ya Kiingereza. Na kwa sababu ya karatasi hiyo nimewaona watu wazima wakilia, na mmoja wao ni mimi.

Majina ya mitihani hii mnayasikia. Kuna TOEFL, wa Wamarekani, ulioanza mwaka 1964. Kuna IELTS, ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989, na wenyewe ni British Council, Cambridge, na shirika la Australia liitwalo IDP. Na kuna ule wa Duolingo, mdogo kwa umri, ambao mtu huufanya kwenye kompyuta mahali alipo bila kwenda kituoni. Yote hupima mambo manne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. IELTS hutoa alama kutoka 0 hadi 9, na vyuo vingi huomba 6 au 6.5. Duolingo huhesabu kutoka 10 hadi 160. TOEFL kwa miaka mingi ilihesabu hadi 120, na kuanzia Januari 2026 imebadilishwa, sasa inahesabu kutoka 1 hadi 6.

Sikilizeni jambo moja kabla sijaendelea, hasa ninyi mliotoka kwenye shule za Kongo. Huu si kama Exetat yetu, ambapo ukipata 50 kwa mia unamwagiwa unga mweupe kichwani na mtaa mzima unaimba. Katika mtihani huu hakuna aliyefaulu wala aliyeanguka. Kuna alama tu. Alama ya 5.5 inaweza kukutosha kwa chuo hiki na isikutoshe kwa chuo kile. Kwa hiyo yule anayekuja kwangu na kusema, "Mwalimu, nataka kufanya IELTS," humuuliza swali moja: ni nani amekuomba? Akikosa jibu namwambia akae chini, tuzungumze mambo mengine.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kuna uvumi unaotembea katika makazi yetu, nao umeshakula fedha za watu. Watu wanaambiwa kwamba mwenye cheti cha Kiingereza jina lake hupanda juu kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu. Si kweli. Kupelekwa nchi ya tatu kupitia HCR hakuna mtihani wa Kiingereza ndani yake. Hutazamwa hatari uliyo nayo na hali ya jamaa yako. Mama asiyejua kusoma hata Kiswahili anaweza kuondoka, na mwalimu mwenye vyeti kumi anaweza kubaki. Tena huduma za HCR ni bure. Mtu akikuuzia cheti cha Kiingereza kwa kwacha, amekuuzia karatasi ya kufungia chumvi, maana vyuo huthibitisha alama kwa wenye mtihani wenyewe.

Uvumi wa pili ni kwamba hata kusoma hapa Zambia unahitaji mtihani huo. Kijana aliyemaliza sekondari ya Zambia na kupata alama nzuri ya Kiingereza katika cheti chake cha Grade 12 ameshaonyesha Kiingereza chake, na kwa vyuo vya nchi hii ndicho kinachotazamwa. Msaada wa DAFI, ambao Wajerumani waliuanzisha mwaka 1992 kwa ajili ya wanafunzi wakimbizi, ni wa kusoma katika nchi uliyokimbilia. Hata vyuo vingine vya ng'ambo hukubali barua ya shule inayosema mwanafunzi huyu alifundishwa kwa Kiingereza. Ulizeni kwanza. Dola 200 na zaidi, ambazo IELTS au TOEFL mara nyingi hugharimu, si fedha ya kutupa ziwani ili kuona kama kuna samaki.

Basi wanaouhitaji kweli ni wachache. Ni yule mwenye diploma ya Serikali ya Kongo, aliyesoma yote kwa Kifaransa, ambaye chuo kimemwambia njoo. Ni yule anayetafuta masomo ya mbali kwa kompyuta. Ni yule anayeomba nafasi kama zile za Kanada, ambako shirika la WUSC tangu 1978 limekuwa likiwapokea wanafunzi wakimbizi kutoka nchi chache zilizochaguliwa. Wenzetu wa Dadaab, Kakuma na Dzaleka wanaujua mpango huo vizuri kuliko sisi. Ni wachache, lakini kila mmoja ni mtoto wa mtu hapa.

Sasa nisimulie yangu. Mwaka 2022 nilipata nafasi ya kozi ya ualimu ya mbali, na nikaambiwa nifanye mtihani mmoja wa kufanyia nyumbani. Jina lake siutaji kwa sababu kosa halikuwa lao. Niliazima kompyuta, nikaazima chumba, nikaazima na umeme wa jua. Sheria zilikuwa zimeandikwa wazi: uwe peke yako, mtu asiingie, usitazame pembeni, usiseme na mtu. Nilizisoma zote. Lakini mlango wa chumba kile haukuwa na komeo, nami nikaweka kiti. Nilipofika karibu na mwisho, mtoto akasukuma mlango, akauliza kwa Kiswahili kama ufunguo wa bomba uko kwangu. Mimi ni baba wa watoto watano. Mtoto akiniita nageuka. Niligeuka, nikamjibu, "Hauko hapa, enda kwa mama." Maneno matano. Baada ya siku mbili nikapata jibu kwamba mtihani wangu haukuthibitishwa.

Nilikasirika juma zima. Kisha nikaelewa. Kamera ile haikujua mimi ni nani. Iliona mwanamume anageuka na kusema na mtu kwa lugha isiyoijua. Hata mimi kama msimamizi ningeshuku. Lakini nikajiuliza: huu mtihani ulipima Kiingereza changu au ulipima komeo la mlango?

Na hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Kabla ya Kiingereza, mtihani huu hupima mambo mengine ambayo mtoto wa Lusaka au wa Nairobi anayo tangu kuzaliwa na wala hajui kwamba anayo: jina moja lisilobadilika, njia ya kwenda mjini, chumba chenye mlango, saa ya ukutani. Kiingereza kila mtu atajifunza kwa jasho lake. Hayo mengine hatuwezi kila mtu peke yake. Ni kazi ya makazi mazima.

Nianze na jina. Sisi Wakongo tuna jina, tuna postnom, na tuna prénom. Mobutu alikataza majina ya kikristo mwaka 1972, baba zetu wakashika postnom, na prénom iliporudi, postnom haikuondoka. Mtu aitwaye Ilunga Kabwe Jean anapovuka mpaka, karatasi ya Kiingereza inamuuliza vitu viwili tu, jina la kwanza na jina la ukoo. Mwaka 2017, wakati tulipokuwa tukivuka kwa maelfu kupitia Chiengi na kulala Kenani, aliyeandika alikuwa amechoka na sisi tulikuwa tumechoka. Jean akaandikwa Ilunga Jean kwenye karatasi moja, Kabwe Jean kwenye nyingine, na kwenye cheti cha shule ni Jean Irunga kwa herufi r, kwa sababu huku r na l ni ndugu. Tarehe ya kuzaliwa wengi tuliandikiwa tarehe 1 Januari, kana kwamba Katanga nzima ilizaliwa usiku mmoja. Mnacheka, lakini siku ya mtihani hamtacheka. Jina uliloandika unapojiandikisha lazima lifanane na kitambulisho unachoonyesha, herufi kwa herufi, na karatasi ya alama itatoka na jina hilohilo, na chuo kitalilinganisha na diploma yako. Kila mtihani pia una orodha yake ya vitambulisho unavyokubali, na karatasi ya mkimbizi haimo katika kila orodha. Hati ya safari ya mkimbizi ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo haipatikani kwa juma moja. Kwa hiyo anayefikiri atafanya mtihani mwakani, aanze na majina yake mwezi huu.

Nije kwenye njia. Vituo vya IELTS na TOEFL viko mjini, Lusaka hasa. Kutoka hapa ni kama kilomita elfu moja. Wenyeji wakitaka kufupisha njia hukata kupitia Pedicle, daraja la Chembe, wakapita kwenye ulimi ule wa ardhi ya Kongo hadi Mokambo, wakaingia Copperbelt. Sisi hatuwezi. Mkimbizi hawezi kurudi katika nchi aliyoikimbia ili awahi mtihani. Kwa hiyo sisi huzunguka kwa Mansa, Samfya, daraja la Luapula, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe. Ukifika umekaa ndani ya basi usiku mzima na miguu imevimba, na asubuhi unaambiwa usikilize kanda ya Mwaustralia anayeeleza ratiba ya jumba la makumbusho.

Na kabla ya basi kuna pasi. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Geneva wa 1951, mwaka 1969, iliweka sharti lake juu ya kifungu cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea, na ndiyo sababu hatutoki katika makazi bila ruhusa. Simlaumu mtu. Nchi hii imetupokea tangu zamani. Wazee hapa wanakumbuka Kala na Mwange, wanakumbuka Pweto ilipoanguka Desemba 2000. Lakini nawaomba ndugu zetu wa ofisi walielewe jambo moja kuhusu mtihani huu: tarehe yake hulipiwa mbele na haisogei. Mgonjwa wa kesho anaweza kupelekwa hospitali keshokutwa, ingawa si vizuri. Mtihani wa Jumamosi ukikosa pasi ya Alhamisi, fedha nyingi huenda nao. Kijana akileta karatasi ya kujiandikisha yenye tarehe, tafadhali tarehe hiyo ndiyo itazamwe, isiwe tarehe ambayo faili limefika mezani.

Sasa Kiingereza chenyewe. Hapa ningeweza kusema mpaka jua lizame, maana ndiyo kazi yangu.

Shida ya kwanza tuliyo nayo ni kwamba tunaingia na lugha tatu kichwani, na kila moja inavuta upande wake. Kiswahili hakijali mwanamume na mwanamke: yeye ni yeye. Ndiyo maana mwanafunzi wangu hodari kabisa, akisimulia habari za mama yake, huanza na "she", na baada ya sentensi mbili mama ameshakuwa "he". Halafu kuna Kifaransa, ambacho ni rafiki wa uongo. Tunaona neno linafanana, tunadhani ni lilelile. Kijana aliniambia kwa Kiingereza kwamba alinunua daftari kwenye "library", kwa sababu kwa Kifaransa "librairie" ni duka la vitabu. Mwingine aliandika kwamba alifanya "assist" mazishi, akitaka kusema alihudhuria. Msahihishaji wa Uingereza akajiuliza mazishi husaidiwaje. Nimewaandikisha wanafunzi daftari la marafiki hawa wa uongo, na kila juma tunaongeza. Tumeshapita sitini.

Kuna kusikiliza. Katika IELTS kanda hupita mara moja tu, wala hairudi, na maswali ni 40. Ni kama taa za wavuvi wa chisense usiku: ukiwa bado unakunja wavu wa kwanza, samaki wameshapita. Kosa letu ni kwamba mtu akikosa jibu moja hubaki analililia, na majibu matatu yanayofuata yanampita. Liache. Andika chochote, kwa sababu jibu la uongo halipunguzi alama, kisha endelea. Na tahajia inahesabiwa. Umesikia vizuri, umeelewa vizuri, ukiandika vibaya umekosa. Zoezi lake ni redio. Kaa na redio ya Kiingereza dakika kumi kila jioni, uandike unayoyasikia bila kuuliza jirani. Sitaki kusikia kwamba hakuna redio. Mpira wa Jumamosi wote mnausikiliza.

Kuandika ndiko kunakotuangusha zaidi, tena tunaangushwa na adabu yetu wenyewe. Unaulizwa: je, ni vizuri watoto wafanye kazi? Una dakika 40, na maneno yasipungue 250. Sisi tulifundishwa kusalimu kwanza, kuzunguka, kutaja pande zote, na neno lenyewe kulitoa mwishoni baada ya watu kuchoka. Hata dissertation ya Kifaransa hutuzoesha hivyo: upande huu, upande ule, kisha ndipo tunapatana. Mtihani huu hauna subira hiyo. Unataka ujue unasimama wapi mapema, useme mara moja, kisha kila fungu lilete sababu yake na mfano wake. Kwetu ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Nawaambia wanafunzi: siku hiyo ingia bila hodi, adabu utaikuta ukirudi. Na asiyesahihisha kwa saa hatawahi. Mtu huniletea maneno 400 mazuri aliyoyaandika kwa siku mbili. Hayo ni barua. Nataka maneno 250 yenye makosa yaliyoandikwa kwa dakika 40, tuyatengeneze.

Na kusema. Katika IELTS unakaa na mtu, dakika 11 hadi 14. Katikati anakupa kadi yenye habari ya kueleza, unafikiri dakika moja, kisha unasema hadi dakika mbili bila kusaidiwa. Hapa wasichana wetu huumia kuliko wavulana. Tumewafundisha kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa na kutazama chini ni heshima. Kule ukinyamaza huonekana huna maneno, na ukijibu "ndiyo" tu wanaandika "ndiyo" tu. Wamama, wababa, mnisamehe, lakini binti anayejiandaa kwa mtihani huu mwacheni abishane nanyi kidogo mezani, kwa muda wa miezi michache.

Niwape na habari njema. Anayesahihisha kusema hatafuti ukweli wala elimu ya mambo makubwa. Anasikiliza lugha. Kadi ikisema eleza kazi unayoijua vizuri, huna haja ya kubuni ofisi ambayo hujawahi kuingia. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikwama kila mara kwenye sekunde ya thelathini, kwa sababu alikuwa akieleza uwanja wa ndege. Siku moja nikamwambia, hebu nieleze jinsi mama yako anavyokausha chisense pale Kashikishi. Akaanza na mchanga, akaja kwenye jua, akaja kwenye nzi, mvua ya ghafla, bei, gunia, lori la kwenda Copperbelt. Dakika mbili zikapita, akawa bado anaendelea, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Maneno yake yalikuwa na makosa, lakini yalikuwa mengi na yalifuatana. Tangu siku hiyo kadi zote tunaziandika hapahapa: soko la Nchelenge, kivuko cha kwenda Kilwa, Mutomboko kule Mwansabombwe, siku ya kugawa chakula.

Kuhusu vitabu, nina ombi. Katika sanduku la vitabu vya msaada kuna kitabu kinene cha TOEFL ambacho kila kijana anakigombania, na jalada limeshakatika kwa kusomwa. Ni kitabu cha mtihani wa karatasi, wa wakati ambapo alama za juu zilikuwa 677. TOEFL iliingia kwenye kompyuta mwaka 1998, ikaingia kwenye intaneti 2005, ikafupishwa Julai 2023, na sasa kama nilivyosema imebadilika tena. Kijana alikuwa amekariri kurasa mia mbili za mtihani ambao haupo tena. Si kazi bure kabisa, sarufi ni sarufi. Lakini wafadhili wetu, mkitaka kutoa kitabu, tazameni mwaka wake kama mnavyotazama mwaka wa dawa.

Jambo la mwisho ambalo siwezi kuliacha ni ile miaka miwili. Karatasi ya alama, iwe ya IELTS, TOEFL au Duolingo, huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Baada ya hapo kwao ni kama Kiingereza chako kimekufa. Binti wa dada yangu alifanya mtihani mwaka 2021, kwa furaha, kabla ya mtu yeyote kumwomba. Ndugu walichanga; mjomba mmoja aliuza baiskeli. Alipata alama nzuri kuliko zangu. Kisha akaanza kutafuta chuo, akaanza kutafuta mfadhili, akaanza kutengeneza majina. Chuo kilimkubali mwaka 2023, mwezi wa tisa. Karatasi yake ilikuwa imekwisha mwezi wa sita. Waliomwandikia walikuwa na adabu, walimwambia afanye tena. Kwa baiskeli ipi?

Msifanye mtihani mapema. Najua inasikika vibaya mwalimu akisema hivyo. Jifunzeni mapema, tena anzeni kesho, lakini mtihani wenyewe uwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya majina, baada ya kitambulisho, baada ya chuo kusema kinataka upi na alama ngapi. Mkimbizi huishi kwa kungoja, na mtihani huu haujui kungoja.

Mashirika, siombi jengo. Naomba chumba kimoja chenye mlango wenye komeo la ndani, kompyuta moja yenye kamera inayoona vizuri, na umeme wa jua wa kutosha saa tatu mfululizo. Naomba pia mtu mmoja wa ofisini ambaye kijana anaweza kumwendea kuhusu majina, asizungushwe meza nne. Na pale chuo kinapoweza kusamehe ada au kukubali ushahidi mwingine wa Kiingereza, barua yenye muhuri wenu hufanya kazi ambayo barua yangu ya mkono haiwezi.

Darasa letu hukutana Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, baada ya watu kutoka mashambani. Mwezi Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa, tunaongeza Jumamosi kwa ajili ya wale wanaofanya kazi ziwani. Hatulipishi, ila kila mtu aje na daftari na kalamu mbili. Katibu wa kamati anayo karatasi ya majina. Mkija kujiandika, andikeni jina lenu kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama mnavyoitwa nyumbani; tutaanzia hapo.

Na yule mtoto wa ufunguo wa bomba, kwa wanaouliza, sasa yuko darasa la sita, na Kiingereza chake kimeanza kunishinda mimi.